Kugredi Rangi za Filamu na Vipindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Majibu haya ni ya wanaopiga na kuhariri filamu, vipindi, video za muziki na harusi, kuanzia Nakuru hadi Busia. Mifano ya programu ni ya DaVinci Resolve, kwa sababu toleo lake la bure hutoa picha hadi ukubwa wa 3840 kwa 2160 na ndilo wengi wamelipakua. Hatua zenyewe zinafaa kwenye programu nyingine pia. Jambo moja litajirudia humu kila mara: panga ngozi ya mtu kwanza, mandhari yafuate.

Kusahihisha rangi na kugredi kuna tofauti gani?

Kusahihisha hutangulia. Hapo unaondoa makosa: shati jeupe lililogeuka bluu, uso uliozama gizani, shoti mbili za mazungumzo yale yale zisizofanana. Kugredi kunafuata, na hapo unachagua hali ya hadithi: joto au baridi, rangi zilizokolea au zilizofifia, vivuli vizito au vyepesi. Anayeruka hatua ya kwanza hulazimika kugredi kila shoti upya, kwa sababu hakuna shoti mbili zilizoanzia mahali pamoja.

Nianze kugredi lini?

Mkato ukishafungwa, yaani uhariri ukikamilika na shoti hazitabadilika tena. Ukianza mapema, kila shoti itakayorefushwa au kubadilishwa itakurudia haina rangi. Kama filamu ilihaririwa kwenye programu nyingine, omba vitu vitatu: faili ya XML au AAF ya mkato, klipu asili zenye majina yale yale yaliyotoka kwenye kamera, na video moja ya mkato mzima yenye timkodi (saa na namba ya kila fremu) iliyoandikwa juu ya picha. Iweke video hiyo juu ya mkato wako, ulinganishe shoti kwa shoti. Klipu zilizobadilishwa kasi na zile zilizokuzwa ndizo huhama zaidi. Na mtu asibadilishe majina ya klipu kwenye hadidiski baada ya uhariri kuanza. Kuziunganisha tena moja moja ni kazi ya siku nzima.

Kwa nini ngozi ya waigizaji wangu inapauka nikishagredi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa, na jibu lake ni refu.

Ngozi nyeusi huonekana hai kwa sababu ya mng'ao. Mwanga hugonga paji la uso, shavu na daraja la pua, ukarudi kama doa angavu. Kati ya doa hilo na upande wa kivuli ndipo jicho husoma umbo la uso. Ukiua mng'ao huo, uso unakuwa bapa na wa kijivu. Huuawa kwa njia nne.

Ya kwanza ni kuinua vivuli. Uso ulipigwa gizani, mgredi akazungusha gurudumu la Lift, lile la vivuli, mpaka ukaonekana. Weusi wa picha nao ukapanda kutoka 2 hadi 12 kwenye wevufomu (skopu, yaani grafu, inayopima mwanga wa picha kwa 0 hadi 100), na picha nzima ikafunikwa na ukungu. Rudisha weusi mahali pake, kisha nyanyua mwanga wa kati kwa Gamma, au tumia mkunjo (Curves) wenye nukta moja pale ngozi ilipo na nyingine ya kushikilia vivuli visipande nao.

Ya pili ni bluu kwenye vivuli. Mtindo wa vivuli vya bluu-kijani na ngozi ya chungwa ulienea na filamu za Marekani, ambako nyuso nyingi hukaa juu ya katikati ya skopu, mbali na vivuli. Uso wa mtu mweusi hukaa karibu zaidi na vivuli, kwa hiyo ile bluu humpanda mashavuni. Ukitaka mtindo huo, tumia magurudumu ya Log badala ya Lift, na ushushe kikomo cha chini hadi bluu iishie karibu na 15. Halafu angalia upande wa kivuli wa uso: ukiona kijivu, bado hujashusha vya kutosha.

Ya tatu ni kupunguza ukolezo kwa picha nzima ili ionekane ya sinema. Ngozi nyeusi yenye mwanga mdogo tayari ina ukolezo mdogo kwenye skopu, hivyo ndiyo ya kwanza kuwa majivu. Punguza ukolezo wa kijani, bluu na vitambaa vinavyopiga kelele, uiache ngozi ilivyo.

Ya nne haina dawa mezani: uso ulikosa mwanga siku ya kupiga. Kamera huandika rangi chache sana gizani, hasa ikirekodi biti 8 kwa 4:2:0, namna inayopunguza taarifa za rangi. Ukiinua unapata chengachenga (vidoa vinavyochezacheza) na madoa ya rangi. Ubao mweupe wa povu wa mita moja, umeshikwa mita moja na nusu kutoka usoni, utakuokoa kuliko programu yoyote.

Tatizo hili halikuanza leo. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kama kadi za Shirley. Kadi yenye nyuso za rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Kwa hiyo usikubali mpangilio wowote uliotayarishwa kabla hujaujaribu kwenye uso wa mtu mweusi.

Kuna viwango vya ngozi ninavyoweza kufuata kwenye skopu?

Vipo vya kuanzia. Kwenye wevufomu ya 0 hadi 100, picha ikiwa tayari kwenye Rec.709 (kiwango cha rangi cha televisheni ya HD), upande wa uso ulioangazwa hukaa vizuri hapa: mweusi sana 30 hadi 42, kahawia ya wastani 40 hadi 52, maji ya kunde 50 hadi 60. Doa la mng'ao linaweza kufika 70 bila shida. Hivyo ni viwango vya mchana. Tukio la usiku linaweza kushuka kwa 10 au 15, mradi doa la mng'ao libaki.

Kwenye vektaskopu, skopu ya mviringo inayoonyesha rangi na ukolezo, washa mstari wa ngozi. Weka maski ndogo (eneo unalolitenga) shavuni, uonyeshe maski peke yake, utazame wingi wa nukta unaelekea wapi. Ngozi za binadamu wote hukaa karibu na mstari huo, kwa kuwa rangi yake hutokana na melanini na damu. Kinachotofautiana zaidi ni mwanga na ukolezo. Nukta zikiegemea njano na kijani, ongeza magenta kidogo. Zikiegemea wekundu mno, fanya kinyume. Ila usilazimishe familia nzima kukaa juu ya mstari. Mtu na dada yake wanaweza kuachana kwa nyuzi kadhaa, na tofauti hiyo ndiyo inayowafanya wawe wao.

Bibi harusi ameniambia, "Kaka, nifanye niwe mweupe kidogo." Nifanyeje?

Mara nyingi anaomba mwanga. Amejiona kwenye video za wengine uso ukiwa gizani, gauni likiwa limewaka, na hataki hivyo. Mjibu, "Dada, nitakuongezea mwanga usoni, rangi yako ibaki yako," kisha mwonyeshe shoti moja kabla na baada.

Kwenye nodi mpya (kisanduku cha hatua moja ya marekebisho) weka duara kubwa kuliko uso wake kidogo, likiwa na kingo laini sana, na ulifuatilishe kwa traka, kifaa kinachofanya duara lisogee pamoja na uso. Panda Gamma mpaka shavu liongezeke kwa 5 hadi 8 kwenye wevufomu. Usipunguze ukolezo, usiguse rangi yenyewe. Kwenye nodi nyingine shusha gauni: mkunjo unaobana kila kilicho juu ya 85 kisizidi 92, ili nakshi za lesi na shanga zionekane. Gauni likishuka, uso huonekana umepanda bila kuongezwa kitu.

Angalia shingo. Poda ikiwa ya rangi nyepesi kuliko ngozi, uso na shingo huachana, na kila unachofanya kwenye uso huongeza pengo. Hapo panua duara lishike shingo na mabega, au tengeneza maski ya uso pekee uongeze joto kidogo mpaka vifanane.

Logi ni nini, na ni lazima nipige kwa logi?

Logi ni namna ya kurekodi inayobana mwanga mwingi ndani ya faili, ndiyo maana picha hutoka imepoa na ya kijivu. Si lazima. Kamera ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi, na logi huzitandaza ngazi hizo chache juu ya mwanga mwingi. Ukizinyoosha mezani, anga la jioni juu ya ziwa linapasuka kuwa michirizi. Kwa biti 8, piga kwa mpangilio wa kawaida wenye kontrasti ndogo na uweke mwanga sawasawa. Kwa biti 10, yaani ngazi 1024, logi ina faida kubwa.

Wanaotumia S-Log3, logi ya Sony: kadi ya kijivu ya asilimia 18 hukaa kwenye 41 ya wevufomu. Kwa ngozi nyeusi tunashauri kuongeza stopu moja (mwanga maradufu), kadi ikae karibu na 49, kisha urudishe stopu hiyo mezani. Chengachenga za kwenye vivuli hupungua wazi. Angalia tu kuwa weupe haujafika 94, maana hapo ndipo S-Log3 hukata. V-Log, logi ya Panasonic, huweka kijivu kwenye 42.

Nipange nodi zangu kwa utaratibu gani?

Utaratibu ufuatao unafaa kazi nyingi, na ukiwa ule ule kila mara utajua kosa liko wapi bila kutafuta.

Nodi ya kwanza ni ya kupunguza chengachenga, kama toleo lako linayo. Toleo la bure halina. Ya pili hugeuza rangi za kamera kuwa za uwanja wa kazi kwa kifaa cha Color Space Transform: kwa mfano S-Gamut3.Cine na S-Log3 kuingia, DaVinci Wide Gamut na DaVinci Intermediate kutoka. Ya tatu ni mwanga na kontrasti. Ya nne ni weupe. Ya tano ni ukolezo. Ya sita na ya saba ni za maski: uso, anga, nguo. Ya nane ni mtindo wa filamu nzima. Ya mwisho hugeuza kutoka uwanja wa kazi hadi Rec.709 yenye gamma 2.4 (mkunjo wa mwangaza wa skrini, si gurudumu la Gamma).

Kinachoharibika sana hapa ni watu kurekebisha mwanga baada ya nodi ya mwisho. Pale picha imeshakatwa. Anga lililopotea halirudi, ingawa lipo kwenye faili. Rekebisha katikati ya zile nodi mbili za kugeuza, na anga litajitokeza lenyewe.

Nodi ya mtindo na ya mwisho ziweke kwenye kundi, upande wa baada ya klipu, ili ukibadilisha mara moja zibadilike shoti zote za tukio hilo.

Nimenunua LUT (faili inayobadilisha rangi za picha kwa mpigo mmoja) mtandaoni. Mbona kwenye video zangu inaharibu?

Kwa sababu kila LUT imetengenezwa ikitarajia picha ya aina fulani. Kuna za kugeuza logi kuwa Rec.709, na kuna za mtindo. Ukiweka ya kugeuza juu ya picha ambayo tayari ni ya kawaida, kontrasti inazidi maradufu na nyuso zinakuwa makaa. Ukiweka ya mtindo juu ya logi ghafi, picha inabaki ukungu. Soma maelezo yake, ujue inataka kuingizwa nini. Sahihisha shoti kabla ya LUT, kamwe si baada yake, halafu punguza nguvu yake: kwenye sehemu ya Key, shusha Key Output kutoka 1.0 hadi kati ya 0.3 na 0.6. Ijaribu kwenye shoti tatu: uso mweusi mchana, uso mweusi usiku, na kijani kingi. Ikishindwa yoyote kati ya hizo, iache.

Tulipiga wavuvi Dunga saa sita mchana, macho yao yamekuwa mashimo meusi. Inarekebishika?

Kwa kiasi. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na kwa sehemu kubwa ya mwaka jua hufika juu kabisa baada ya saa sita na nusu, si saa sita kamili, hivyo saa nane mchana bado mwanga unashuka utosini. Nyusi hutupa kivuli machoni, na maji hurusha vimulimuli kutoka chini.

Tuchukue shoti yenyewe: mvuvi amesimama kwenye mtumbwi, amevaa fulana nyeupe. Wevufomu inaonyesha fulana 98, vimulimuli vya maji 100, shavu 28, tundu la jicho 8. Shusha Gain, gurudumu la mwanga wa juu, mpaka fulana iwe 88. Vimulimuli viache vikatwe, ndivyo maji yalivyo. Kisha kwenye mkunjo bonyeza nukta pale penye shavu upandishe hadi 36, na ushikilie weusi kwa nukta nyingine karibu na 5. Sasa weka duara kuanzia nyusi hadi kidevu, kingo laini, ulifuatilishe, uongeze Gamma mpaka tundu la jicho lifike 14 au 15. Ishia hapo. Ukivuka stopu moja ya kuinua, chengachenga zitacheza kwenye kope na mtazamaji ataziona kabla hajamwona mvuvi. Mwisho ongeza joto kidogo ndani ya duara, kwa sababu kivuli cha mchana hupokea bluu ya anga.

Siku ya kupiga, kofia ya mvuvi na kitambaa cheupe sakafuni mwa mtumbwi vingesaidia zaidi ya haya yote: kofia husawazisha kivuli cha uso, kitambaa hurudisha mwanga kutoka chini.

Na jioni? Shoti zetu za machweo hazilingani kabisa.

Kwenye ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama ni kama dakika 25 tu. Shoti ya mwanzo ina mwanga wa dhahabu, ya mwisho ina bluu. Piga shoti pana kwanza, maana hakuna taa itakayoangaza ziwa zima. Nyuso za karibu zipige mwisho, ukitumia taa ya nyuzi 3200 za Kelvin (kipimo cha joto la rangi ya mwanga) upande lilikokuwa jua. Mezani, chagua shoti ya katikati iwe kielelezo, ihifadhi kwenye matunzio (Gallery), na uzivute nyingine kuielekea kutoka pande zote mbili.

Kijani cha Kakamega na mashamba ya chai ya Nandi kinawaka kama taa. Nifanyeje?

Kamera nyingi huongeza njano kwenye kijani cha majani mabichi, na baada ya mvua majani hung'aa zaidi. Fungua mkunjo wa Hue Vs Sat, chagua kijani kwa kubofya jani, punguza ukolezo kwa asilimia 15 hadi 25. Kisha kwenye Hue Vs Lum shusha kidogo, ili majani yawe mazito. Panga nukta mbili za kulinda upande wa njano, la sivyo kitenge cha njano na ngozi ya maji ya kunde vitafifia pamoja na majani.

Chini ya miti kuna hatari nyingine: majani hurusha kijani usoni. Mtu aliyesimama ndani ya msitu huonekana mgonjwa. Maski ya uso, Tint kuelekea magenta kwa 5 hadi 10, basi. Usifanye hivyo kwa picha nzima, majani yatageuka kahawia.

Mteja anataka ziwa liwe la bluu, na maji ya Kisumu ni ya kahawia.

Bluu ya ziwa huja na anga linaloakisiwa. Kwenye ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, ilipo Kisumu, maji ya pwani yana matope na mwani, na magugu maji yakifunga ufuo hakuna cha kuakisi. Unaweza kupoza maji ya mbali kwa kuyachagua kwa rangi na kuweka maski ya mstari wa upeo, lakini kila mtumbwi unaopita utaonyesha kingo. Kwa tangazo la hoteli, sawa. Kwa makala ya habari, maji yaachwe yalivyo.

Kanisani taa za jukwaani ni zambarau, na picha inapepesa. Mbona?

Ni matatizo mawili. Kupepesa kunatokana na umeme. Stima ya Kenya ni hezi 50, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Simu au kamera iliyowekwa fremu 30 na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/60 haiendi nayo sambamba, ndipo mistari hutembea juu ya picha. Piga fremu 25, shata 1/50 au 1/100. Taa za LED za jukwaani zina mdundo wake, nyingine huhitaji kuzungusha shata polepole mpaka mistari isimame. Kuondoa baadaye kunawezekana kidogo tu.

Zambarau nayo: LED ya bluu kali hujaza njia ya bluu ya kihisi hadi mwisho wakati nyekundu na kijani ni hafifu. Uso wa mhubiri unakuwa bapa, hauna mng'ao wala umbo. Punguza ukolezo wa bluu na magenta kwanza, kabla ya chochote, kisha chukua kijani kidogo kwa RGB Mixer ukiingize kwenye njia ya bluu. Umbo la uso hurudi kiasi. Heri zaidi umwombe fundi wa taa awashe taa moja nyeupe mbele ya mimbari.

Nimepiga kwa kamera mbili tofauti, na simu ya tatu. Nilinganisheje?

Chagua iliyo dhaifu iwe kipimo. Kamera nzuri inaweza kushuka kuifuata simu. Simu haiwezi kupanda. Linganisha kwa mpangilio huu: weusi, weupe, mwanga wa kati, kisha joto, kisha ukolezo, na kijani mwisho. Tumia paredi ya RGB (skopu inayoonyesha nyekundu, kijani na bluu kandokando) na picha iliyogawanywa katikati, shoti mbili ubavu kwa ubavu. Wengi huanza na rangi, wanahangaika saa nzima, kumbe tofauti ilikuwa kontrasti.

Nahitaji monita na chumba cha aina gani?

Monita ya IPS inayofunika sRGB yote (rangi za kawaida za kompyuta na mtandao) inatosha kuanza. Iwashe nusu saa kabla ya kazi. Weka weupe wa nyuzi 6500, mwangaza wa niti 100, gamma 2.4 kwenye chumba chenye giza au 2.2 kama chumba kina mwanga. Kipima-rangi cha kubandika skrini ni ununuzi wa kwanza kabla ya kamera mpya. Zima hali zote za kulinda macho usiku na zile zinazobadilisha mwangaza zenyewe.

Ukuta nyuma ya skrini uwe wa kijivu. Ukuta wa waridi au kijani hupotosha jicho: ukitazama waridi kwa muda, ngozi zote zitaonekana zina kijani, na utaongeza magenta isiyohitajika. Nyumba ya kupanga haipakwi rangi ovyo, kwa hiyo tundika shuka la kijivu na pazia zito dirishani. Taa hafifu ya nyuzi 6500 nyuma ya skrini, yenye kama asilimia 10 ya mwangaza wa skrini, hupumzisha macho. Kila saa moja toka nje dakika kumi.

Kwangu inapendeza, kwa simu ya mteja inaonekana tofauti.

Simu nyingi huja zikiwa na hali ya rangi kali. Mwombe mteja aweke hali ya asili, umtumie faili WhatsApp kama hati, si kama video, kwa kuwa njia ya video huibana picha. Kwenye Mac, QuickTime huonyesha Rec.709 ikiwa nyepesi kuliko ulivyoiona. Kwa kazi ya mtandaoni pekee, chagua alama ya Rec.709-A unapotoa faili. Kwa YouTube, pakia 4K hata kama ulipiga 1080, maana 4K hupewa ubanaji bora. Megabiti 45 kwa sekunde zinatosha kwa fremu 25.

Kituo cha televisheni kimerudisha kipindi changu. Kosa ni nini?

Kwanza omba masharti yao kwa maandishi. Makosa ya kawaida ni matatu: fremu 30 badala ya 25, rangi zinazovuka mipaka, na viwango vya video kuchanganywa. Pendekezo R 103 la EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, linaruhusu kila rangi ya RGB kati ya -5 na 105 kwa mia, na mwangaza kati ya -1 na 103. Nembo nyekundu na maandishi ya njano ndiyo huvuka zaidi, si picha zenyewe.

Viwango ni hivi: video ya televisheni ya biti 8 huweka weusi kwenye 16 na weupe kwenye 235, kwa biti 10 ni 64 na 940. Faili iliyotolewa kwa 0 hadi 255 ikisomwa kama ya televisheni, vivuli huzama na weupe hukatwa. Ikiwa kinyume, picha inafifia. Ukiona kipindi kizima kimefifia au kimezama kwa kiasi kile kile, usigredi upya. Badilisha chaguo la viwango vya data kwenye klipu au kwenye ukurasa wa kutoa.

Na ukumbi wa sinema?

Ukumbi hutumia kifurushi cha DCP: JPEG 2000 ya biti 12, ukubwa wa 1998 kwa 1080 au 2048 kwa 858, kasi isiyozidi megabiti 250 kwa sekunde. Weupe wa projekta ni niti 48, chini ya nusu ya monita yako, na gamma ni 2.6. Omba nusu saa ukumbini kabla ya onyesho, utazame matukio ya usiku tu. Nyuso zikizama pale, rudi uziongeze 3 hadi 5.

Kompyuta ya namna gani, na stima ikipotea?

RAM ya GB 16 ndiyo ya chini, 32 ndiyo ya raha. Kadi ya grafiki iwe na GB 8 zake. Klipu zikae kwenye SSD. Toleo la bure kwenye Windows hugoma kufungua baadhi ya klipu za biti 10, basi zigeuze kuwa za muundo wa DNxHR HQX kwanza. Tenga nafasi: ProRes 422 HQ ya 1080 kwa fremu 25 hula kama GB 83 kwa saa moja.

UPS inunuliwe pamoja na kompyuta, si baadaye. Washa Live Save na nakala za kila dakika kumi, ukizielekeza kwenye diski tofauti na ile ya mradi.

Sioni vizuri nyekundu na kijani. Naweza kazi hii?

Hali hiyo huwapata wanaume zaidi, kwa kuwa jeni zake ziko kwenye kromosomu X. Pima kwa vibao vya Ishihara kwa daktari wa macho. Kuhariri, mwanga, kontrasti na kulinganisha kwa skopu unaweza kabisa. Uamuzi wa mwisho wa ngozi mpe mwenzako auangalie.

Na HDR (picha yenye mwanga mpana kuliko wa kawaida), nigredi lini?

Ikiombwa na anayenunua kipindi, na ukiwa na monita inayofika niti 1000. Vinginevyo, Rec.709 nzuri.

Baada ya kazi nihifadhi nini?

Faili kuu moja ya ProRes 422 HQ au DNxHR HQX isiyo na maandishi juu yake, na nyingine yenye maandishi. Mradi wenyewe kama faili ya .drp, pamoja na LUT zote ulizotumia, kwani hazisafiri ndani ya mradi. Picha za matunzio, moja kwa kila tukio. Andika toleo la programu kwenye jina la folda: mradi uliofunguliwa kwa toleo jipya haurudi kwenye la zamani. Nakala mbili, diski mbili, nyumba mbili.